Jangwa la Kilomita Arobaini na Moja

Subira anauza vipuri vya pikipiki katika soko la Kasongo, na kwa miaka kumi na sita amezijua pikipiki kwa vipande tu. Mfumbe macho, umpe shene, mnyororo wa gurudumu, mkononi, atakuambia ni ya pikipiki gani na imebakiza miezi mingapi. Buji, plagi ya kuwashia injini, ya kweli na ya kuiga anazitenganisha kwa kuzikwaruza na ukucha. Lakini kabla ya kiangazi cha mwaka jana hakuwahi kukaa juu ya pikipiki zaidi ya nusu saa, na hiyo nusu saa alikaa upande, kitenge kimefungwa vizuri, akipelekwa msibani.

Ana miaka arobaini na mitatu. Ni mtoto wa mjini, wa ukoo wa Kiislamu uliokaa Kasongo tangu enzi za mababu wa mababu zake. Baba yake alikuwa fundi cherehani, akamwacha asome mpaka mwaka wa nne wa sekondari, ndipo akaolewa na Djamali. Wana watoto wanne. Wa kwanza ni Latifa, na kwa sababu hiyo soko zima humwita Mama Latifa. Ni mtu wa kupenda mambo yaliyo wazi. Dukani kwake kila ukubwa wa bulonge, yaani bolti, una kopo lake, na makopo yana maandishi. Mteja akieleza ugonjwa wa pikipiki yake kwa kuzungukazunguka, humkatiza na kumwomba aanze tena, polepole.

Mwaka jana, mwezi wa sita, kijana mmoja aitwaye Hervé, mzaliwa wa Kasongo aliyekuwa amekaa nje miaka mingi, alirudi na kuunda kamati. Alitaka kuanzisha mbio za pikipiki kutoka Kasongo mpaka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kupitia Wamaza. Hazikuwa mbio za mabingwa. Alitaka watu wa kawaida, timu za watu watatu na pikipiki mbili: dereva, msomaji wa njia anayekaa nyuma yake, na fundi anayefuata na vifaa. Mbio hizo aliziita Rali ya Jangwa.

Watu waliuliza jangwa liko wapi. Hervé akaeleza kwamba mbio kubwa za namna hii hufanyika jangwani, kwa hiyo jina linafuata mbio, halifuati mahali. Waliouliza walitikisa vichwa kama watu walioelewa. Subira alisimulia baadaye kwamba alikuwa mmoja wao, na kwamba hakuelewa.

Djamali, mume wake, ndiye aliyeandikisha timu kwa jina la duka. Alisikia kwamba jina hilo lingetajwa kwa kipaza sauti Kasongo na Salamabila, akaona inatosha. Dereva alikuwa Magloire, motari wa miaka thelathini, mtoto wa wakulima wa upande wa Lusangi, ambaye kila wiki hupeleka abiria na madumu ya mafuta Salamabila. Fundi alikuwa Placide, mwenye banda lake mbele ya duka la Subira. Djamali mwenyewe angekaa nyuma na kusoma njia.

Siku tatu kabla ya mbio, Djamali aliinama kuokota kopo la grisi na mgongo ukakataa kunyooka. Alilala kitandani kifudifudi, akiwa na chupa ya maji ya moto kiunoni. Kamati ikakumbusha kwamba msomaji lazima ajue Kifaransa, kwa kuwa kitabu cha njia kimeandikwa kwa Kifaransa. Magloire hakusoma Kifaransa, na Placide alikisoma kwa kubahatisha. Walimtazama Subira, na Subira akamtazama Djamali, ambaye alisema akiwa ameelekea godoro:

"Nenda weye. Ni kukaa na kusoma tu."

Mama mkwe hakufurahi. Walikubaliana kwamba atavaa suruali chini ya gauni, mtandio chini ya kaske, kofia ngumu ya pikipiki, na Placide atakuwa karibu muda wote.

Orodha ya vitu vya lazima ilizidi kumchanganya. Kila mtu lita kumi za maji. Dira moja. Bati mbili za kunasulia gurudumu kwenye mchanga. Placide alikata bati hizo kutoka kwenye mfuniko wa pipa, akauliza zitatumika wapi. Kisha wakapewa namba saba, ingawa timu zote zilizofika zilikuwa tano. Subira aliuliza namba mbili na namba sita ziko wapi. Yvette, karani wa kamati, akamwambia kwamba namba zililetwa zikiwa zimekwisha chapwa.

Walianza saa kumi na mbili asubuhi. Timu ziliachwa ziondoke moja moja, na namba saba ikawa ya mwisho. Vumbi la waliotangulia lilikuwa bado limesimama barabarani, jekundu, na Subira alikaa nyuma ya Magloire ameshika kitabu kwa mkono mmoja na mkanda wa Magloire kwa mkono mwingine. Kitabu kilikuwa karatasi kumi na mbili zilizobanwa pamoja. Kila mstari ulianza na namba ya kilomita, kisha ukasema kitu cha kuonekana, kisha upande wa kupinda.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba kihesabu kilomita cha pikipiki ya Magloire kilikuwa kimekufa zamani. Subira, aliyekuwa na vihesabu viwili vipya dukani, hakuwa amefikiri kuangalia. Akaanza kukadiria kwa saa yake ya mkononi. Kitabu kilitaja kanisa, na kanisa likatokea. Kilitaja daraja la magogo, nalo likatokea, lakini mapema mno. Kilitaja kisima cha ngamia. Hapo Subira alisoma mara mbili, akageuza karatasi, akairudisha. Hakumwambia Magloire.

Mstari wa kilomita arobaini na moja ulisema hivi: kilima cha mchanga, pinda kushoto.

Kwa hesabu zake walikuwa kati ya kilomita thelathini na tano na hamsini. Wakafika kwenye kijiji kidogo ambako waumini walikuwa wanajenga kapela, na kando ya barabara palikuwa na lundo la mchanga wa mtoni lililomzidi mtu urefu. Kushoto kwake kilianza kijia kilichoingia msituni. Subira alimpiga Magloire begani, naye akasimama, akavua kaske.

"Mama Latifa, njia ya Wamaza iko mbele," alisema. "Miye napita hapa kila juma. Huku kushoto ni njia ya watu wa shimo."

Subira alimwonyesha mstari, kisha lundo la mchanga. Magloire alitazama karatasi asiyoweza kuisoma, akatazama lundo, akamtazama Placide aliyekuwa amewafikia. Placide alisema kwamba ikiwa kitabu kimeandikwa na wenye mbio, basi mbio ziko kwenye kitabu. Subira alikuwa anawaza hivyo hivyo. Alama za magurudumu za timu nyingine zilikuwa nyingi pande zote mbili, za jana na za leo zimechanganyika, na hakuna aliyeweza kusema zipi ni zipi. Wakapinda kushoto.

Kwa saa nzima waliteremka. Kijia kikawa chembamba, majani yakawapiga magotini, wakavuka vijito viwili wakisukuma pikipiki kwa miguu. Kitabu kiliahidi uwanda wazi. Kila walipozidi kwenda miti ilizidi kukaribiana. Subira alitoa dira, akaona inaelekeza mahali fulani, na akatambua kwamba hajui mahali hapo patamsaidia nini. Magloire aliendelea kukwepa visiki kwa uangalifu. Hilo lilimwumiza Subira kuliko kama angelalamika.

Walitokea kwenye machimbo madogo, mashimo kama ishirini kando ya kijito, na wanaume waliokuwa wanachekecha udongo ndani ya maji wakaacha karai zao na kuingia msituni. Walimwona mwanamke mwenye kaske na makaratasi, wakaona namba kifuani, wakadhani ni watu wa serikali. Aliyebaki ni mama mmoja aliyekuwa anapika wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, chini ya hema la plastiki. Jina lake lilikuwa Léocadie. Aliendelea kukoroga sufuria na kuwauliza wanatafuta nini.

Subira alishuka. Akavua kaske. Alieleza kwamba wao ni wa mbio, za Salamabila, zinaitwa za jangwa.

"Jangwa ndiyo nini?" aliuliza Léocadie.

"Ni fasi ya mchanga mutupu. Hakuna maji, hakuna muti."

Léocadie alitazama kijito, akatazama miti iliyowafunika, kisha akamtazama Subira kwa huruma ya kweli.

"Basi, mama, mumepotea kabisa."

Aliwaketisha, akawapa chakula. Walikula wakitazama sahani. Subira alisema baadaye kwamba hakumbuki kama aliona aibu au njaa, kwa sababu vyote viwili vilikuwa sehemu moja ya tumbo. Wachimbaji walirudi mmoja mmoja walipoona wageni wanakula. Mmoja alikuwa na pikipiki iliyokataa kuwaka tangu Jumatatu. Subira alisikiliza mlio wake mara moja tu, akamwambia Placide abadilishe buji, na pikipiki ikawaka. Kwa dakika hizo chache, alisema, dunia ilikuwa mahali pake.

Magloire alitaka warudi mpaka kwenye lundo la mchanga. Mchimbaji yule wa buji akawaambia hakuna haja: kuna njia ya mgongo wa mlima ambayo wao hupitishia mafuta na mchele, inatokea Salamabila moja kwa moja. Magloire hakuwahi kuisikia. Subira alifungua kitabu kutafuta njia hiyo, kisha akakifunga mwenyewe.

Njia ile ilikuwa ngumu kuliko yote waliyopita, mawe na mizizi, lakini ilikuwa fupi mno. Kabla hawajaelewa vizuri wako wapi, waliona mabati ya Salamabila chini yao, wakateremka na kuingia mjini kwa upande usio wa Wamaza. Barabarani palikuwa na kamba yenye bendera, meza, kipaza sauti na umati. Walikuja kwa nyuma ya meza. Mtu aliona namba kifuani mwa Magloire, akapiga kelele, na umati wote ukageuka. Ngoma zikapigwa. Yvette, aliyekuwa ametangulizwa kwa gari la kamati tangu jana yake, alifungua daftari akaandika: timu namba saba, saa sita na dakika ishirini, ya kwanza. Jina la duka likatajwa mara tatu kwa kipaza sauti.

Magloire aliinua mikono. Placide alikuwa anapeana mikono na watu asiowajua. Subira alikuwa na hakika kwamba wamechelewa kwa saa nyingi, na alikuwa amekwisha kupanga maneno ya kumwambia Djamali. Alimwendea Yvette akamwuliza timu nyingine zimekwenda wapi. Yvette akamjibu kwamba hakuna iliyofika. Subira akatoa kadi ya vituo waliyopewa Kasongo na kuiweka mezani. Ilitakiwa kuwa na mihuri mitatu: Kasongo, Wamaza, Salamabila. Ilikuwa na mmoja.

Hakimu wa mbio alikuwa mzee Assumani, mfanyabiashara wa Salamabila aliyeheshimika, ambaye alikubali kazi hiyo kwa sababu ana kivuli kizuri mbele ya duka lake. Aliigeuza kadi mbele na nyuma. Alimwomba Subira aeleze, na Subira akaeleza yote, kilima cha mchanga, wachimbaji, njia ya mgongo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "mumefika, lakini hamukupita."

Alishauriana na Yvette. Kanuni zilikuwa zimeandikwa kwa Kifaransa, na zilisema habari za vituo vya jangwani na helikopta. Mwishowe aliamua kama mtu mwenye akili: waende Wamaza, wapigiwe muhuri, warudi. Subira aliuliza je, ile nafasi ya kwanza itafutwa. Mzee akasema hajui kufuta kilichoonekana na watu wote. Ataiacha pale kwanza.

Wakaondoka tena, wakielekea Wamaza, na hapo mambo yakaharibika zaidi. Subira sasa alilazimika kusoma kitabu kutoka ukurasa wa mwisho, kushoto kuwe kulia na juu kuwe chini. Mahali pamoja palisema: usivuke daraja, teremka mtoni. Magloire akacheka kwa mara ya kwanza siku ile; alikuwa amevuka daraja hilo juma lililopita. Subira alikunja karatasi. Alikuwa amekwisha kupoteza haki ya kusema kitabu kinajua. Walipofika, daraja lilikuwa halina mbao katikati, limebaki magogo mawili na maji chini. Walisimama kwenye ukingo wakatazama.

"Sasa kitabu kinasema kweli," alisema Magloire, kama mtu aliyeibiwa.

Waliteremka mtoni.

Upande wa pili walianza kukutana na timu nyingine, zinazokuja Salamabila kwa njia sahihi. Timu ya kwanza iliwapita kwa vumbi. Timu ya pili ilikuwa namba tatu, ya dereva aitwaye Ibrahim, mteja wa Subira wa siku nyingi, anayejua kwamba Mama Latifa hakosei. Ibrahim aliwaona wanakuja mbele yake kwa kasi, namba kifuani, msomaji ameinamia kitabu. Aliwapita, akapunguza mwendo, akageuza pikipiki na kuwafuata. Fundi wake naye akageuza. Kwa kilomita nyingi Subira hakujua kuna watu nyuma yao. Walipofika Wamaza na karani wa kituo kuchukua kadi yao, Ibrahim alisimama kando, mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama Latifa, mwisho iko wapi? Mbele ao nyuma?"

Subira alijaribu kumweleza. Alianza na kamba ya Salamabila, akarudi kwenye kapela, akaingia shimoni, na kadiri alivyoeleza aliona uso wa Ibrahim unazidi kukunjamana. Yeye mwenyewe, mwenye kuwaambia wateja waanze tena polepole, alianza tena mara tatu. Mwishowe Ibrahim alimpa karani kadi yake, na karani, aliyekuwa amekwisha kuigonga asubuhi, akaigonga tena kwa usalama.

Walifika Salamabila kwa mara ya pili saa kumi na moja jioni. Ngoma zilikuwa zimekwisha kuondoka. Timu tatu zilikuwa zimeketi kivulini mbele ya duka la mzee Assumani, zinakunywa soda. Yvette aliandika: timu namba saba, ya nne. Ibrahim alikuwa wa tano, na kadi yake ilikuwa na mihuri minne.

Jioni ile kulikuwa na mabishano. Daftari lilionyesha washindani sita, na timu zilikuwa tano. Waliofika saa nane na nusu, ambao kwa macho yao wenyewe hawakuona mtu aliyewatangulia, waliambiwa na umati wa Salamabila kwamba walikuwa wa pili, kwa kuwa umati ulikuwa umemwona wa kwanza. Hervé alijaribu kusimamisha kila mtu kwa kipaza sauti, lakini betri ikaisha. Subira alimwendea peke yake akamwuliza kuhusu kilima cha mchanga. Hervé alikiri kwamba mistari ya kitabu aliinakili kutoka kitabu cha mbio za jangwani, kisha akajaza ya kwetu kadiri motari mmoja alivyomweleza kwa simu. Pengine kilima kilisahaulika humo. Asubuhi yake, wakati wa kuagana, alimwambia kwamba hapana, alikusudia lundo la kapela, lakini kupinda kulikuwa kwa kupumzika kivulini, si kwa kwenda. Subira alimwuliza lipi kati ya hayo ni la kweli. Hervé akasema anadhani yote mawili.

Kamati ilikutana Kasongo mara tatu baada ya hapo. Kikombe kilikuwa kimoja. Mwishowe kilipelekwa kwa waliofika saa nane na nusu, na timu ya Subira ikapewa karatasi yenye muhuri, iliyoandikwa kwamba ilishiriki na kufika mara mbili. Djamali, aliyekwisha kunyooka, aliitundika ukutani. Magloire husema walishinda. Placide husema walikuwa wa nne na kwamba hiyo si haba. Wateja wengine wakiingia dukani humwamkia Subira kwa jina la bingwa, wengine humwuliza kama amepata njia ya kurudi nyumbani, na yeye huwajibu wote kwa kuinamisha kichwa vile vile.

Nilipomwuliza yeye anaonaje, alikuwa anapanga valvu kwenye makopo. Aliniambia kwamba amejaribu kuandika siku ile kwenye karatasi, saa baada ya saa, ili aone kosa liko wapi. Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Kufuata kitabu kulikuwa na sababu, kupita mgongo wa mlima kulikuwa na sababu, na kuonyesha kadi pia, ingawa Magloire alimnunia mwezi mzima kwa ajili ya kadi hiyo. Ukizijumlisha hatua zote, alisema, hupati kitu.

Ila jambo moja limebadilika. Kila siku ya soko la Lusangi, Subira huondoka asubuhi kwa pikipiki, anaendesha mwenyewe, Placide alimfundisha, na sanduku la chemba za magurudumu na shene limefungwa nyuma. Mama mkwe amezoea. Djamali hubaki dukani na mara nyingi huchanganya makopo. Mara mbili Subira ameipita njia panda ya Lusangi bila kupinda wala kuwa na haja, akaenda mpaka kwenye kile kijiji cha kapela. Kapela imekwisha, mchanga umetumika wote. Alisimama pale injini ikiwaka, akitazama kile kijia cha kushoto, na hakuweza kusema alikuwa anataka nini. Kisha akageuza, maana watu wa soko walikuwa wanamngoja awaletee vipuri vyao.